Nimepima ng'ombe wangu brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) Mbeya: kipimo safi, mwandiko wao ndo tatizo

Nianze na hili msije mkanilaumu baadaye, jina la maabara siweki. Siyo kwamba naogopa, ila kuna mabaya nitayasema hapa na yule kijana wao anayepima kanisaidia mno, sitaki kumharibia kibarua. Jueni tu ni maabara ndogo ya binafsi ya mifugo, ipo Mbeya mjini, vyumba vitatu na benchi moja la nje ambalo mvua ikinyesha (na mnaijua mvua yetu) linalowa lote mnabaki mmesimama kama mko foleni ya sukari.

Mimi natokea Rungwe, nafuga ng'ombe wa maziwa wa bandani, tunawakatia majani ya guatemala na ya tembo na vigogo vya migomba, hawatoki nje. Walikuwa watano. Sahivi watatu, na ndo habari yenyewe.

Mwezi wa pili ng'ombe wangu Bahati alitupa mimba. Ilikuwa ya miezi saba, nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Nimeingia bandani saa kumi na moja alfajiri na tochi ya simu nakuta ndama kalala kwenye tope, kashakufa, manyoya bado mafupi mafupi, na kondo la nyuma linaning'inia halitaki kutoka. Nikamnyanyua yule ndama kwa mikono mitupu. Mikono mitupu jamani, hata mfuko wa rambo sikuvaa. Nikamfukia nyuma ya migomba nikanawa na sabuni ya kufulia nikaenda kukamua wengine.

Kituo cha kwanza nilienda duka la dawa za mifugo, siyo lazima nitaje la wapi. Muuzaji hata hakuniuliza mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Akasema huyo kakosa madini, mchome oksi afu mpe jiwe la kulamba, akanitolea chupa ya OTC (ndo hiyo oksi, antibiotiki) na bomba la sindano, pesa yangu ikaenda. Ndo namna tunavyotibiwa ng'ombe huku, mtu anakutibia akiwa kaunta. Bwana mifugo wetu alivyokuja jioni akaiona ile chupa akacheka kwa masikitiko, akasema mama, mimba ikitoka miezi ya mwishomwisho na kondo likang'ang'ania, kwanza wazia brusela, huu ndo ugonjwa wa kutupa mimba wenyewe, na hautibiwi kwa sindano moja ya dukani. Ng'ombe mwenye brusela hatibiwi kabisa, anaondolewa. Nikapime.

Hapo mimi kichwani nishapata mkosaji tayari. Dume la mzee wa jirani. Mwaka jana uhimilishaji ulinishinda mara mbili, mbegu hazikushika, nikaenda kukodi dume lake, na dume hilo limetembea kijiji kizima. Nikamwambia mzee mbele za watu kwamba dume lake limeniletea ugonjwa. Mzee akaniangalia akasema, we mwanangu, kwahiyo dume langu ndo limekuwa malaya sio? Tukanuniana wiki kadhaa. Nitarudi hapo.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe, maabara haihusiki, naandika ili mtu mwingine asirudie. Bwana mifugo alitoa damu za ng'ombe wote watano kwenye zile tyubu za kifuniko chekundu, akaandika namba, akaniambia ziache zisimame sehemu yenye kivuli zigande, kesho peleka. Mimi nikaona kivuli hakitoshi, damu si itaoza, nikazitia friza usiku kucha pamoja na samaki. Asubuhi nikazifunga kwenye kindoo na barafu nikapanda kosta mpaka stendi ya Nane Nane, bajaji, nikafika nimejiona mtaalamu. Kijana akanyanyua tyubu moja kwenye mwanga, akanyanyua ya pili, akaniambia mama hizi zimeharibika. Kumbe damu ikiganda kwa barafu chembe zake zinapasuka, ile seramu, yale maji yanayobaki juu damu ikiganda, inayotakiwa iwe ya manjano kama mafuta ya alizeti inatoka nyekundu kama juisi ya rosela, na hapo kipimo hakisomeki. Hakuzipokea hata moja.

Nilikasirika, nauli yangu, siku yangu, na bwana mifugo nishamlipa elfu tano kwa kichwa pamoja na mafuta ya pikipiki. Ila nikitulia nawapa heshima kwa hilo. Angeweza kupima tu akachukua hela yangu, elfu sita kwa sampuli mara tano ni elfu thelathini, nani angejua? Akanipa karatasi bure yenye maelekezo, kwa mkono akaongeza: usigandishe kwa barafu, isimame wima, ikishaganda yenyewe baridi ya kawaida inatosha, ndani ya siku moja ifike.

Mara ya pili nimefika saa tatu asubuhi, damu zina siku kumi tangu Bahati atupe. Sampuli zikapokelewa, na hapa ndo nataka kukaa kidogo maana ndo sehemu iliyonifanya niandike.

Kabla hajagusa tyubu alikaa na mimi na fomu dakika kama arobaini. Nilidhani ni jina na namba ya simu, kumbe maswali utadhani polisi. Kila ng'ombe amezaliwa wapi, kanunuliwa lini, kwa nani, alipokuja alikaa peke yake siku ngapi kabla ya kuchanganywa (sifuri, nilisema sifuri, akaandika sifuri bila kuniangalia). Amewahi kuchanjwa S19, ile chanjo ya brusela, alipokuwa ndama? Nikamuuliza hiyo inahusu nini, akasema chanjo ile inaacha kingamwili (askari wa mwili) kwenye damu na kipimo hakijui kama kingamwili zimetoka kwenye chanjo au kwenye ugonjwa, kwahiyo usiposema anaweza kukuandikia mgonjwa ng'ombe mzima. Nani amezaa miezi sita iliyopita, kazalia wapi, kondo lilitupwa wapi. Mbwa mnao? Tunao wawili. Maji wanakunywa chombo kimoja? Maziwa mnayafanyaje? Nani anakamua, nani anamzalisha ng'ombe akikwama?

Kwenye hilo swali la kondo nikaanza kusikia baridi tumboni.

Kijivu. Kijivu nilimnunua mwaka juzi, alitoka mnadani huko Usangu, ng'ombe mkubwa mzuri, bei ilinishangaza kwa urahisi wake. Alikuwa na goti limevimba kidogo kama ana chungwa ndani, muuzaji akasema aliteleza. Mwezi wa kumi na moja akazaa ndama dhaifu, akafa siku ya pili, kondo likagoma, mume wangu akaingiza mkono akalivuta mwenyewe, akalitupa kwenye shimo la takataka, na asubuhi yake tukakuta mbwa wamelitoa wamelikokota mpaka pale mbele ya banda la Bahati wanagombania. Nikawafukuza na fagio. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imelala kichwani miezi mitatu, hakuna aliyeniuliza mpaka yule kijana na fomu yake. Goti kuvimba, akaniambia, kwa ng'ombe aliyekaa na brusela muda mrefu linatokea.

Afu akaniruhusu nichungulie dirishani wakati anapima, sijui kama wanaruhusu kila mtu. Damu alishaizungusha kwenye mashine, seramu imekaa juu. Akatoa kichupa cha dawa ya pinki kwenye friji, ile wanayoiita Rose Bengal, ni vijidudu vya brusela vilivyouliwa vikatiwa rangi, akakiacha mezani pamoja na seramu zangu kama nusu saa bila kufanya chochote. Nikadhani kanisahau. Kumbe dawa ikitumika ikiwa ya baridi inadanganya. Akachukua kigae cheupe kama cha bafuni, tone la seramu, pembeni tone la dawa, sawa kwa sawa, mikrolita 30 kwa 30, akachanganya kwa kijiti, kila ng'ombe na kijiti chake, na mwisho kabisa akaweka matone mawili ya kwao, moja la ng'ombe anayejulikana ni mgonjwa na moja la mzima, ili ajue dawa yake bado ina akili. Akaweka dakika 4 kwenye simu akaanza kukiyumbisha kile kigae taratibu.

Tone la Kijivu ndo lilianza. Mnajua chai ya maziwa ukiikamulia limau, vile vipunje vinavyojitenga na maji yanabaki pembeni? Ndo hivyohivyo ila pinki. Hata dakika 2 hazijafika. Zawadi, ng'ombe wangu mwingine, laini, mitamba wote wawili laini kama yogati. Na Bahati, aliyetupa mimba, ambaye kwa ajili yake nimekuja mjini mara mbili, laini pia.

Nikafurahi nikachanganyikiwa kwa pamoja. Kijana akatoka akasema Kijivu kwa hiki kipimo cha kuchuja ni chanya, tutapeleka seramu yake kwenye maabara kubwa kwa kipimo kingine kinaitwa ELISA kuthibitisha, elfu ishirini na tano, Bahati ni hasi. Nikasema basi Bahati mzima. Akasema sijasema mzima, nimesema hasi.

Lakini angalieni sasa kosa lao. Aliniambia hayo akiwa anakimbilia simu, mteja mwingine kaja na kuku wafu kwenye boksi, karatasi ya majibu nikapewa na dada wa mapokezi. Nimefika nyumbani nasoma: Kijivu chanya, wengine HASI, muhuri mkubwa wa bluu. Chini kabisa, chini ya saini, kuna mchoro wa kalamu kama mende katembea kwenye wino. Nikaacha. Siku nne baadaye bwana mifugo anaikodolea macho karatasi ileile, anaigeuza geuza, anasoma (namba 2 ndo Bahati): "Na. 2 irudiwe baada ya wiki 3, karibu na kutoa mimba kipimo huweza kuwa hasi." Yaani sentensi iliyobeba banda langu lote wameiandika kwa herufi za sisimizi! Muhuri mkubwa wa HASI na onyo dogo chini yake. Kama bwana mifugo asingepita siku ile, Bahati angekuwa mzima kwenye kichwa changu mpaka leo, tena nilishaongea na mtu wa Kiwira anayetaka kumnunua.

Nikarudi baada ya wiki tatu na damu ya Bahati peke yake. Safari hii tone lilikatika vizuri kabisa, chanya. Kijana akanieleza kwa kituo: ng'ombe akiwa ndo anatoa mimba kingamwili kwenye damu zinaweza kuwa chache mno kipimo kisizione, zinapanda baadaye, ndo maana mtu akipima mara moja siku ileile akapata hasi akatulia, anakuwa kanunua uongo kwa elfu sita.

Majibu ya ELISA ya Kijivu nayo waliniahidi wiki moja, yakaja ya tatu, na siyo kwamba walinipigia. Nilipiga mimi mara tano. Mara ya nne nikaambiwa yapo tangu Jumatano. Chanya. Sasa mtu una ng'ombe anakamuliwa, maziwa unamwaga kila siku unasubiri simu, na majibu yamekaa kwenye droo. Hapo nilitukana kidogo, nakiri.

Nikawauliza na swali langu la dume. Hiki kipimo kinaweza kusema brusela ya Bahati imetoka kwa Kijivu na siyo kwa dume la mzee? Kijana akawa mkweli. Hapana. Rose Bengal inasema tu mwili huu umekutana na brusela, haisemi hata kama ni ile ya ng'ombe au ile ya mbuzi na kondoo. Kujua vijidudu viwili ni ndugu au siyo ndugu inabidi uvioteshe, uchukue vinasaba vyake ulinganishe, na kuotesha brusela siyo mchezo, inaota polepole, siku nyingi hata wiki, na inaambukiza wanaoiotesha, wafanyakazi wa maabara duniani wameugua sana kwa njia hiyo, kwahiyo maabara ndogo kama yao hairuhusiwi hata kujaribu. Angepata kondo au kile kitoto kilichotoka, kingepelekwa kwenye maabara yenye uwezo huo. Mimi nilishakifukia. Na kwa habari yenu, kosa siyo kukifukia, kosa ni kukibeba kwa mikono, ulitakiwa upige simu kwanza.

Kinachobaki basi ni kuuliza, tarehe, nani alikaa na nani, na kupima majirani. Ndo nikalipia damu ya dume la mzee kwa hela yangu. Kwenda kumwomba ruhusa ilikuwa kazi kuliko kutafuta hela. Dume hasi, likarudiwa baada ya mwezi, hasi. Dume la watu lilikuwa safi muda wote huo. Nikampelekea mzee mkungu wa ndizi na sukari kilo mbili, nikapiga magoti pale mlangoni, akapokea ndizi kwanza, akaziangalia, ndo akasema ndaga, yaani asante. Bado ananitania, nikipita anauliza kama leo nimekuja kumpima yeye.

Siku ya kuchukua majibu ya ELISA kijana alinipa na hadithi, labda ya kunipoza. Jina brusela limetokana na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, mwaka 1887 kisiwani Malta, askari wanaumwa homa isiyoisha, akakiona kijidudu kwenye bandama za waliokufa. Ila kinatoka wapi hawakujua, wakalaumu hewa, wakalaumu uchafu, mpaka 1905 daktari wa hukohuko kisiwani, Zammit, alipopima mbuzi. Mbuzi wanene, wanatoa maziwa vizuri, wanapitishwa mlango kwa mlango kukamuliwa, kumbe wao ndo wamebeba. Miaka 18 wanamtafuta mchawi na mchawi anakamuliwa kila asubuhi mlangoni. Nikamkumbuka Kijivu na lita zake kumi na mbili. Hakuwahi kukohoa hata siku moja.

Sasa la watu, na hapa nawakata maabara nyota maana fomu yao waliijaza wenyewe. Waliniuliza nani anazalisha ng'ombe, nikasema mume wangu, wakaandika. Hawakusema neno. Mume wangu alikuwa anaumwa homa tangu mwezi wa kumi na mbili, inakuja inaondoka, usiku analoa jasho mpaka shuka nakamua, mgongo, nyonga, hawezi kubeba hata mzigo wa majani. Zahanati tuliyoenda mara ya kwanza malaria, ya pili malaria, ya tatu taifodi, vidonge mfuko mzima. Hakuna aliyemuuliza kama anafuga. Siwalaumu wao tu, kuna utafiti ulifanyika hospitali za Moshi ukachapishwa 2013, kati ya wagonjwa wa homa waliolazwa zaidi ya nusu waliandikiwa malaria na walipopimwa sawasawa wenye malaria kweli hawakufika hata wawili kwa mia, na walioonekana kuwa na bakteria za kutoka kwa wanyama, brusela ikiwemo, walikuwa kama robo. Hiyo ni kaskazini, lakini homa ya huku nayo inaandikiwa malaria hivyohivyo.

Ni mimi niliyeiunganisha, usiku, nimeshika karatasi ya Kijivu. Nikaibeba mpaka hospitali, nikamwekea daktari mezani nikasema huyu ni ng'ombe wetu na huyu ndo aliyemvuta kondo. Daktari akaisoma, akaagiza damu, na hakutaka kile kipimo cha haraka cha matone peke yake akasema hicho kinaita watu wengi brusela wasio nayo, akataka kingine cha kuthibitisha. Ikatoka ndiyo. Dawa aina mbili kwa wiki sita, na akaonywa asiache hata akijisikia mzima wiki ya pili maana ukiikatisha inarudi. Jasho lilikoma kabla ya wiki ya tatu. Mimi na watoto tulipimwa tukawa salama, na mimi na mikono yangu mitupu nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale korido.

Kwahiyo maabara mkisoma hapa: mkiandika chanya kwa ng'ombe, andikeni na mstari mmoja kwa mwenye ng'ombe, kwamba nenda hospitali na karatasi hii. Ofisi ya mifugo mliipa taarifa, hilo mlifanya vizuri na haraka, walikuja. Binadamu je?

Kijivu na Bahati waliondoka kwa kuchinjwa machinjioni, mkaguzi akiwa na taarifa, siyo kuuzwa mnadani akawe wa mtu mwingine kama nilivyouziwa mimi. Hela niliyopata hainunui mtamba mmoja. Kuna jirani alinishauri niwapeleke mnadani kimya kimya, nani atajua, na sitasema sikuwaza. Nadhani yule aliyeniuzia Kijivu naye aliwaza hivyohivyo na hakuwa na watu wa kumkataza.

Huduma yao nyingine nzuri ambayo watu hawaijui ni kipimo cha maziwa. Kikundi chetu tuna nyumba 14 zinazopeleka maziwa sehemu moja, baada ya yangu kutangazika kila mtu akaogopa mwenzake. Maabara wakatupimia maziwa ya kila nyumba, elfu mbili tu. Wanaweka maziwa kwenye tyubu, tone la dawa yenye rangi, inakaa kwenye joto la 37 lisaa limoja, krimu inapanda juu. Kama kuna brusela ile krimu inavaa pete ya zambarau na maziwa chini yanabaki meupe, kama hakuna rangi inabaki imetawanyika. Nyumba mbili zikatoa pete. Ya kwanza yangu, maziwa ya Kijivu niliyokuwa bado namwaga. Ya pili mama mmoja hapo juu, akalia siku nzima, lakini kijana akasema kabla hamjamtenga mtu ng'ombe wake apimwe damu, maana maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa chuchu au aliyezaa juzi au anayekaribia kukauka yanaweza kutoa pete ya uongo. Na kweli chuchu moja ilikuwa imevimba. Damu hasi, ikarudiwa, hasi. Kwa hili tu nawapa nyota zangu nne, ya tano imebaki kwenye droo na yale majibu ya Jumatano.

Mnaoniuliza kama ni lazima kupima wakati ng'ombe wako hajatupa mimba. Kuna utafiti wa mkoa wetu huu wa Mbeya uliotoka 2018, ng'ombe waliokutwa na kingamwili za brusela walikuwa kama 9 kwa kila 100, lakini ukihesabu kwa mazizi ilikuwa karibu zizi moja kati ya matatu lenye angalau mmoja. Na ng'ombe mara nyingi hutupa mimba moja tu, zinazofuata anazaa vizuri huku anaendelea kuimwaga kwenye maziwa na siku ya kuzaa. Maziwa chemsheni mpaka yapande, na ya mtindi pia yachemsheni kwanza, maziwa mabichi kuganda tu hakutoshi kuua vijidudu. Chanjo ya S19 inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, ila ni ya ndama majike wadogo, na ni chanjo hai, ikikuchoma mkononi unaugua wewe, mwachieni bwana mifugo. Mitamba wangu umri huo umepita, wao ni kupima tu.

Mambo madogo: nendeni kabla ya saa nne, mchana kijana anakuwa na kuku. Malipo kwa simu wanapokea ila makato juu yako. Choo kipo, kisafi. Karatasi ya majibu isomeni palepale kaunta na mwambieni aliyeandika awasomee yale ya chini ya saini kwa mdomo, msitoke mpaka awasomee.

Zawadi na mitamba wawili wamepimwa mara mbili, hasi zote, wamebakiza ya tatu. Bwana mifugo anakuja Jumapili jioni, Jumatatu nipo kosta ya kwanza, tyubu zitasimama wima kwenye kikombe cha chai juu ya kabati na friza nimeifunga kwa kamba.